Mke Mmoja, Majina Matatu

Ambaye hakulipata gazeti la juma lililopita asijilaumu. Nitamwandikia ubaoni kwa ufupi, kisha nitafuta.

Mimi ni mwalimu wa darasa la sita, mkaaji wa Mabanga hapa Goma. Padri alinibatiza Modeste, wazazi waliniita Habarurema. Mwaka wa sabini na mbili Taifa lilituamuru tuyaache majina ya Kizungu, nami, kwa kuwa ni mtu wa utaratibu, niliacha langu siku hiyohiyo kabla ya saa sita.

Sikujua kwamba katika Mabanga hiyohiyo alikuwapo mfanyabiashara wa ng'ombe aitwaye Célestin Habarurema, na kwamba yeye pia aliacha lake. Kwetu kila mtoto hupewa jina lake peke yake, si la ukoo. Kwa hiyo watu wawili wasio na undugu wowote wanaweza wote kuitwa Habarurema. Ubatizo ndio uliokuwa ukitutenganisha. Ulipoondolewa, mbele ya serikali tukawa mtu mmoja. Yeye alipokea wito wangu wa semina ya sarufi. Mimi nilipokea amri ya kuwapeleka ng'ombe wangu mia na arobaini kwenye chanjo.

Ndipo ikaja ile barua. Ofisi moja kubwa, ambayo sitaitaja, ilimwalika Citoyen Habarurema (Citoyen, yaani Mwananchi, ndivyo Taifa lilivyotaka tuitane badala ya Bwana) akae siku mbili katika nyumba ya wageni ya Parc, hifadhi ya wanyama, juu kwenye maziwa ya mlimani, kwa ajili ya «mchango wake mnono katika sherehe za Novemba». Mchango wangu katika sherehe hizo ulikuwa wimbo wa beti nne ulioimbwa na wanafunzi. Nilijiambia kwamba neno «mnono» limetumika kama sitiari.

Mstari wa tatu ulisema: pamoja na mkewe, Citoyenne Nyirarukundo.

Mke wangu anaitwa Mukamugema. Nyumbani, mlango ukiisha kufungwa, anaitwa Perpétue. Nilimwambia kwamba mpiga chapa amekosea. Leo naungama mbele ya wasomaji: tangu mstari huo wa tatu nilijua vizuri sana barua ile ilikuwa ya nani.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu Perpétue alikuwa ameshaisoma. Kwa siku kumi na moja alinitazama kana kwamba nimeongezeka kimo. Kaka yake, ambaye kwa miaka tisa alikuwa akiniita «mutu wa chaki», alishuka kutoka Masisi akanisalimu kwa mikono miwili.

Basi, siku ya posho, yaani Jumamosi, saa tano asubuhi, wakati majirani zetu wa Mabanga wakizibua mifereji kwenye salongo, kazi ya lazima ya kila juma, sisi tulishuka kwenye gari la Parc lililotupandisha kutoka ofisi yake ya Rumangabo, tukasimama mbele ya kizuizi cha maziwa.

Askari wa hapo aliitwa Nsabimana. Alikuwa na bunduki moja na kitabu kimoja, na kati ya hivyo viwili alikiheshimu zaidi kitabu.

"Citoyen Habarurema!" aliita, ingawa tulikuwa hatua mbili mbele yake.

"Mimi hapa."

"Citoyenne Nyirarukundo!"

Mke wangu alikuwa anatazama maji.

"Citoyenne Nyirarukundo!"

Nilimgusa kiwiko. "Perpétue, unaitwa."

Kalamu ya Nsabimana ikabaki hewani. "Perpétue njo nani?" aliuliza; «njo», kwa wasio wa huku, ni «ndiye».

"Ni jina la nyumbani," nilisema.

"Ni jina la Kizungu, Citoyen. Ile ilikatazwa."

"Njo maana linabaki nyumbani," Perpétue alijibu. "Na karatasi yangu inasema Mukamugema."

Nsabimana aliisoma barua, akakisoma kitambulisho, akairudia barua. "Barua inasema Nyirarukundo. Karatasi inasema Mukamugema. Bwana yako anasema ile ingine. Mama, uko batu ngapi?"

"Niko mumoja. Lakini nimechoka sawa batatu."

"Ni makosa ya mashine," niliingilia.

"Mashine ya serikali haikosee, Citoyen."

"Basi andika kama ilivyo kwenye barua."

Akaandika. Mimi ninayekata alama kwa ajili ya herufi kubwa iliyosahauliwa, nilisimama pale nikaacha mke wangu aandikwe jina la mwanamke mwingine, tena kwa wino.

Maziwa ni mawili, moja chini na moja juu, na kijia kinapita katikati. Wazungu wanasafiri majuma mazima ili kuyaona. Sisi tuliyaona kwa dakika nne hivi, kwa sababu katika dakika ya tano Perpétue alisema, "Mwalimu."

Mke wangu akiniita Mwalimu mahali pasipo na watu, najua mtihani umeanza.

"Nyirarukundo ni nani?"

"Nimekwisha kukuambia. Mashine."

"Mashine inaweza kukosa herufi. Ingeandika Mukamugena, ningenyamaza. Kutoka Mukamugema mpaka Nyirarukundo? Ile mashine ilitembea mbali sana."

"Perpétue..."

"Tena ikachagua! Nyirarukundo! Mama wa mapendo! Jina kama lile linaanguka tu kwenye karatasi, sawa mavi ya ndege?"

Nilitazama miguu yangu. Hesabu ilikuwa rahisi na mbaya. Nikisema kwamba barua si yangu, nampoteza mwanamke aliyenitazama kwa macho mapya siku kumi na moja. Nisiposema, yupo Nyirarukundo mfukoni mwangu, naye anazidi kunona kila nikinyamaza.

"Ulimujulia wapi? Kwenye semina?"

"Hakuna mtu, nakuapia."

"Kwenye semina," alisema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulipigia jibu mstari.

Kisha akasimama katikati ya kijia, akanizibia njia.

"Sikia muzuri. Padri aliniita Perpétue, nilikubali. Serikali ilisema Mukamugema tu, nilikubali. Leo bwana yangu mwenyewe ananiacha niitwe jina la mwanamuke mwingine, mbele ya bunduki. Hii hapana. Jina lako, fanya nalo unachotaka. Lakini mutu akikuuliza tena bibi yako ni nani, taja langu. Yoyote kati ya yale mawili, hata lile la kukatazwa. Ukishindwa, utabaki na mama wa mapendo."

"Nitalitaja."

"Tutaona."

Tulirudi kwenye nyumba ya wageni, hatua chache kutoka kizuizini, tukaketi barazani mbele ya sahani ya viazi na maharage. Hatujamaliza hata nusu, lori la kabichi likasikika likisimama kule chini, na baada ya robo saa akatokea mama mmoja akipanda kijia, viatu mkononi, jasho likimtiririka.

"Papa," alimwambia Nsabimana, "Habarurema iko hapa?"

Nsabimana alifungua kitabu, ingawa ukurasa mzima ulikuwa na mstari mmoja tu. "Iko. Na bibi yake."

"Huyo bibi yake anaitwa nani?"

"Nyirarukundo."

Yule mama alivaa viatu vyake kwanza, kimoja, halafu cha pili, kama mtu anayejitayarisha kuingia mahakamani.

"Unitazame muzuri, Papa. Nyirarukundo njo mimi."

Kijiko changu kikaanguka. Perpétue alisimama.

"Ah! Kumbe umekuja mwenyewe!"

"Wewe njo unatembea na jina langu?"

"Jina lako? Wewe njo unatembea na bwana yangu!"

"Habarurema ni bwana yangu toka miaka kumi na mbili!"

"Wangu tisa! Na padri alitubariki!"

"Hata sisi padri alitubariki!"

"Basi alibariki vibaya!"

Niliinua kidole, kama tunavyowafundisha watoto. Hakuna aliyenipa ruhusa.

"Niambie," alisema Nyirarukundo, akiweka mikono kiunoni, "huyo Habarurema wako anakoroma?"

"Kukoroma? Analala sawa kitabu juu ya meza."

"Ah-ah. Wangu anakoroma mpaka ng'ombe wanaitika."

"Ng'ombe gani?"

"Ng'ombe zake. Mia moja na makumi ine."

Perpétue alinigeukia, akanipima toka kichwani mpaka kwenye viatu. "Huyu? Huyu anaogopa hata mbuzi ya padri!"

Ndipo Nyirarukundo akaniona kwa mara ya kwanza. "Na huyu njo nani?"

"Habarurema," walijibu Perpétue na Nsabimana kwa pamoja.

"Hapana. Wangu ni mutu munene."

Wakatazamana. Kisha Perpétue alicheka. Alicheka akipiga meza, viazi vikaruka, naye Nyirarukundo akacheka, wakashikana mikono kama watu waliopotezana sokoni. Mke wangu aliniangalia kwa huruma ya namna ambayo sikuwa nimeiona tangu siku ya arusi yetu. Sikuwa na mwanamke. Nilikuwa mtu mwema. Hali hiyo ilidumu, kwa makadirio yangu, nusu dakika.

Kwa maana barua ilikuwa imelala ndani ya kitabu cha Nsabimana, na Nyirarukundo, kwa bahati mbaya yangu, alijua kusoma.

"Muchango munono," alisoma. "Sherehe za Novemba. Lakini hii ni dume yetu! Ile nyekundu! Waliikula siku tatu!"

Ile sitiari ilikuwa na pembe mbili na mkia.

"Mwalimu," alisema Perpétue. "Ulijua?"

Ningeweza kusema hapana. Nimewaahidi wasomaji ungamo, basi pokeeni: sikukosa nia ya kusema hapana, nilikosa muda tu wa kulitunga vizuri.

"Tangu mstari wa tatu," nilisema.

"Kaka yangu alikupa mikono miwili."

"Najua."

"Niliambia wamama bote wa kanisa kama Taifa limekuona."

"Najua, Perpétue."

"Kumbe Taifa liliona ng'ombe."

Nsabimana alifunga kitabu kwa huzuni ya kweli. Mstari wake pekee ulikuwa umeharibika. "Citoyen, lori ya kabichi inageuza pale chini. Utashuka nayo mpaka Rumangabo, utaeleza kule."

"Hapana mutu anashuka," alisema Nyirarukundo.

Akaketi kwenye kiti changu, akavuta sahani yangu.

"Mimi hata sikujua kama kuna barua. Célestin aliniambia anaenda Rutshuru kununua ndama. Dereva wake njo aliniambia kweli: wakubwa walimwalika kwa mudomo, muzee anapanda kwenye maziwa na bibi yake Nyirarukundo. Nilifurahi, mama! Nilivaa, nikakaa kwenye mulango na valizi ya nguo toka saa moja. Saa ine njo nikaelewa kama kuna Nyirarukundo mwingine."

"Pole," alisema Perpétue.

"Aksanti. Walisimama kunywa kule Munigi, niliona gari yao nikiwa juu ya kabichi. Sasa watafika." Akamgeukia Nsabimana. "Papa, kitabu chako kinasema Habarurema ameingia?"

"Kinasema."

"Na barua inaingiza Habarurema ngapi?"

"Mumoja."

"Basi yule anayekuja ni muongo. Mwalimu, simama pale kwenye kizuizi. Akijiita Habarurema, sema njo wewe. Apande mulima huu wote na yule malaya wake, halafu afukuzwe sawa mwizi."

Nilimweleza, kwa utulivu, kwamba bwana wake amekula lile dume pamoja na watu wanaotia sahihi uhamisho wa walimu. Kwamba kwa neno lake moja naweza kujikuta nafundisha katikati ya msitu wa Walikale, wanafunzi sita na paa la majani. Kwamba kwa kila upande jambo hili linahitaji kufikiriwa.

"Umeniongopea siku kumi na moja kwa kujifurahisha," alisema Perpétue. "Jina ni lako. Leo sema kweli dakika moja."

Kule chini gari likasikika likibadili gia.

Ilikuwa Peugeot nyeupe. Aliendesha mwenyewe, bila shaka kwa sababu dereva alikuwa na mdomo. Alishuka mtu mnene aliyevaa abakosti, koti lile la Taifa lisilovaliwa na tai, la rangi ya maziwa, na upande wa pili akashuka msichana mwenye nywele za kununua na miwani ya jua.

"Jina?" aliuliza Nsabimana.

"Citoyen Habarurema. Na bibi yangu Nyirarukundo."

"Habarurema ameshaingia."

"Nani huyo?"

"Mimi," nilisema. Sauti ilitoka nzima, ile ya kuita mahudhurio. Nilishangaa mwenyewe.

Alinisogelea. Alinitazama kama mtu anavyotazama ndama mgonjwa kwenye mnada. "Wewe njo yule mwalimu? Wewe njo unakulaga barua zangu? Unajua mimi nakula na nani? Juma ijayo utakuwa..."

Hapo akaona kitu nyuma ya bega langu. Sijapata kuona mtu mnene akikonda kwa haraka namna ile.

"Papa," alimwambia Nsabimana kwa sauti ndogo, "huyu mwalimu anasema kweli. Habarurema njo yeye. Mimi nimepotea njia."

"Célestin!" alisema msichana wa miwani. "Unasema nini?"

"Siitwi Célestin. Ile jina ilikatazwa."

Kama hadithi hii ingetungwa, ningeikomesha hapa, nami ningekuwa mshindi. Lakini Nyirarukundo alikuwa ameshuka ngazi za baraza. Alinipitishia mkono kwapani, akanibana, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ziwa la juu:

"Muzuri! Kama Habarurema ni huyu, basi bwana yangu ni huyu. Nyumba ya Mabanga ni yake. Ng'ombe ni zake. Papa Nsabimana, andika!"

Hakunitazama mimi. Alikuwa anamtazama yeye, akimngoja aseme neno moja. Yule mtu mnene alilitazama gari lake, akatafuta funguo mfukoni.

Nsabimana alifungua kitabu kwa furaha: hatimaye barua na watu walikuwa wanakubaliana. Lakini alikuwa mtu wa dhamiri, na kwa ajili hiyo sijamsamehe hadi leo. Alilowesha ncha ya kalamu kwa ulimi.

"Citoyen Habarurema, kitabu kinauliza mara ya mwisho. Huyu njo bibi yako?"

Perpétue alikuwa amesimama kwenye ngazi ya chini, mfuko wake mkononi. Hakukunja uso. Alingoja tu.

Niliona yote kwa uwazi. Nikisema hapana, mtego unafunguka, Célestin anarudishiwa jina lake, nami naanza kufunga mizigo ya Walikale. Nikisema ndiyo, sina haja ya kueleza. Neno moja lilitakiwa, jina la mwanamke aliyenipikia miaka tisa, na mtoto wa darasa la kwanza angelitoa bila kukuna kichwa. Lakini mimi nilifundishwa chuoni kwamba swali lolote halijibiwi kabla ya kugawanywa.

"Swali hilo," nilianza, "lina sehemu mbili."

Perpétue alishuka ile ngazi ya mwisho. Alinipita bila kunigusa, akafungua mlango wa mbele wa Peugeot.

"Mama, wewe pita nyuma," alimwambia msichana wa miwani, naye akapita.

Kisha akamwambia yule mtu mnene, "Papa usiye na jina, unashuka mpaka Goma?"

"Ninashuka, mama! Ninashuka sasa hivi!"

"Katika sehemu ya kwanza," nilikuwa nasema, "ni lazima tutofautishe..."

Milango ikafungwa. Gari likageuka, likakwaruza kizuizi, likaanza kuteremka kwenye njia ya Rumangabo. Kupitia kioo cha nyuma niliona kitambaa cha kichwa cha Perpétue, kimenyooka, hakikugeuka. Mkono wa Nyirarukundo ulikuwa bado kwapani mwangu, na macho yake yalikuwa yanaifuata Peugeot.

Nsabimana alingoja vumbi litulie. Alikuwa na ukurasa mweupe na mchana mzima.

"Na sehemu ya pili, Citoyen?" aliuliza.